Risasi ya Ukutani: Fedha ya Umma na Nyumba za Baltimore

Katika lugha yetu neno risasi lina maana mbili. Ni madini mazito na laini, yayeyukayo upesi juu ya moto. Tena ni kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Niwapapo wanafunzi wangu neno hili peke yake, pasipo sentensi, wote huikumbuka bunduki kwanza, wala si ajabu, kwa kuwa bunduki ina mlio. Risasi ninayokusudia kuieleza katika insha hii haikuwa na mlio. Ilikaa ukutani, juu ya vizingiti vya madirisha na nguzo za ngazi, katika nyumba za miji ya Marekani, imechanganywa na rangi ya mafuta. Ikawaingia watoto wadogo matumboni kwa njia ya vumbi na vipande vya rangi iliyobanduka. Habari zake za kitabibu zimeandikwa sana. Ninalolitafuta mimi ni jambo ambalo waandishi wengi hulipita haraka, nalo ni fedha. Nani alilipa, alilipa lini, na alilipia kitu gani? Nimeifuata fedha hiyo katika miaka mia moja na zaidi, na nimeona kuwa kwa sehemu kubwa ya muda huo fedha ya umma haikuingia ndani ya nyumba mpaka mtoto wa nyumba hiyo awe amekwisha kuugua. Mtoto alifanywa kuwa kipimo cha nyumba.

Dhana moja yafaa iondolewe kwanza. Hudhaniwa kuwa madhara ya rangi ya risasi yamejulikana juzi tu, na kwa hiyo vizazi vilivyotangulia vina udhuru wa kutojua. Udhuru huo hauna msingi. Mwaka 1904 tabibu wa macho wa mji wa Brisbane, Australia, jina lake J. Lockhart Gibson, aliandika kuwa sumu iliyowadhuru watoto aliokuwa akiwatibu ilitoka katika rangi ya kuta na mbao za baraza za nyumba zao. Mwaka 1922 jimbo la Queensland likatunga sheria ya kuizuia rangi hiyo mahali penye kufikiwa na mikono ya watoto. Mwaka mmoja kabla ya hapo Shirika la Kazi la Kimataifa lilikuwa limepitisha mapatano ya kukataza rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo, isipokuwa katika mambo machache yaliyotengwa. Mapatano hayo yaliwakusudia mafundi wa rangi, si watoto, lakini kama yangefuatwa kila mahali watoto nao wangeokoka. Marekani haikuyaridhia. Na haiwezi kusemwa kuwa habari hazikufika huko, maana mwaka 1914 madaktari wawili wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Henry Thomas na Kenneth Blackfan, walitangaza habari za mtoto wa miaka 5 aliyekufa kwa sumu ya risasi baada ya kuitafuna rangi ya kitanda chake.

Rangi yenyewe ilipendwa kwa sababu za kweli. Ilifunika vizuri, ilistahimili jua na mvua, na iliweza kuoshwa isichujuke. Kampuni ya National Lead iliiuza kwa jina la Dutch Boy, na chapa yake ilikuwa picha ya mtoto wa kiume aliyeshika brashi. Mwaka 1928 wenye viwanda wakaunda chama chao, Lead Industries Association, ambacho kwa miaka mingi kilifadhili utafiti na kuitetea biashara. Mwaka 1943 Randolph Byers na Elizabeth Lord wa Boston walieleza habari za watoto 20 waliotoka hospitali wakihesabiwa kuwa wamepona sumu hiyo. Kati ya hao, 19 walikuwa wakishindwa na masomo au wakisumbuka kwa tabia. Tangu siku hiyo neno "kupona" lilipasa kutumiwa kwa uangalifu zaidi kuliko lilivyotumiwa.

Nimeichagua Baltimore kuwa mfano kwa sababu hakuna mji wa Marekani uliolitazama jambo hili mapema na kwa muda mrefu kuliko huo. Ni mji wa bandari, wenye nyumba za matofali zilizoshikana ubavu kwa ubavu, nyingi zimejengwa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1910 baraza lake lilipitisha sheria ya kuwatenga watu weusi na weupe kwa mitaa. Mahakama Kuu ya Marekani ilizivunja sheria za namna hiyo mwaka 1917, lakini utengano ukaendelea kwa mapatano ya wauzaji na kwa mabenki yaliyokataa kukopesha. Basi familia nyeusi zilizohamia kutoka kusini zikabanwa katika mitaa michache, ndani ya nyumba zilizozeeka, chini ya wenye nyumba ambao kodi waliipokea kila juma na rangi hawakuibandua. Rangi ikizeeka hupasuka. Dirisha likipandishwa na kushushwa husaga rangi ya fremu yake, na vumbi lile huanguka kizingitini, mahali ambapo mtoto ajifunzaye kusimama huweka viganja vyake.

Katika miaka ya unyonge wa uchumi palitokea jambo lingine. Mwaka 1932 iligunduliwa kuwa familia maskini za Baltimore zilikuwa zikichoma maganda ya betri za motokaa ili zipate moto wa kupikia na kuota, na moshi wake ulikuwa umejaa risasi. Mkuu wa afya wa mji, Huntington Williams, hakulifunga faili. Mwaka 1935 idara yake ilianza kuwapimia madaktari damu ya wagonjwa wao bila malipo, huduma ambayo haikupatikana katika miji mingine. Na kwa kuwa Baltimore ilipima, Baltimore ikaona wagonjwa wengi. Miji mingine, kwa kutopima, ikajihesabu kuwa salama. Mwaka 1941 sheria ya afya ya nyumba ikampa mkuu huyo uwezo wa kumwamuru mwenye nyumba aondoe hatari, na mwaka 1951 mji ukakataza rangi ya risasi kutumiwa ndani ya nyumba. Inasemwa kwa haki kuwa ulikuwa mji wa kwanza Marekani kufanya hivyo.

Lakini na tuitazame sheria hiyo kwa jicho la mhasibu. Ilikataza kopo la kesho. Juu ya rangi iliyokwisha pakwa, mkono juu ya mkono, tangu siku za mababu, haikutoa senti moja. Idara ya afya ilikuwa na maabara, wauguzi na barua za onyo. Haikuwa na mafundi wala mbao wala madirisha mapya. Madaktari nao, kuanzia miaka ya 1950, walipata dawa ya kuvuta risasi kutoka katika damu, na Julian Chisolm wa Baltimore alikuwa miongoni mwa mabingwa wake. Vifo vikapungua. Kisha mtoto aliyetibiwa alirudishwa kwa mama yake, na mama yake aliishi katika chumba kile kile. Gharama ya kitanda cha hospitali ilikuwa na fungu lake. Gharama ya chumba haikuwa na fungu popote, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye kiini cha habari hii yote.

Fedha ya serikali kuu haikuja kwa ushawishi wa madaktari peke yao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wananchi wa mitaa yenyewe walianza kudai. Katika East Harlem, mji wa New York, vijana wa asili ya Puerto Rico waliojiita Young Lords walikwenda mwaka 1969 katika ofisi za afya za mji kudai vifaa vya kupimia vilivyokuwa vimelala, kisha wakapita mlango kwa mlango pamoja na madaktari na wauguzi wakiwapima watoto. Katika Bunge, William Ryan wa New York na Seneta Edward Kennedy wa Massachusetts wakaleta mswada, na mwezi wa Januari 1971 Rais Nixon akatia sahihi sheria ya kuzuia sumu ya rangi ya risasi. Kwa mara ya kwanza miji iliweza kuomba ruzuku za serikali kuu za kuwatafuta watoto waliodhurika na za kuondoa hatari majumbani mwao.

Sheria iliruhusu dola milioni 30 kwa miaka miwili. Kuruhusu na kutoa ni mambo mawili katika desturi ya Bunge la Marekani, na asiyelijua hili husoma historia yao vibaya. Fedha halisi ya kwanza iliyotengwa, kwa mwaka wa 1972, ilikuwa dola milioni 7.5, na sehemu kubwa yake ilikwenda katika kupima. Sisemi kuwa kupima kulikuwa kazi bure. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970 mpaka 1981 walipimwa watoto karibu milioni 4, na takriban 250,000 wakaonekana kuwa na sumu. Hesabu hiyo ndiyo iliyomnyima kila mbishi nafasi ya kusema kuwa ugonjwa ni wa wachache. Lakini kumpima mtoto kuna gharama ndogo, na mwisho wa mwaka hutoa tarakimu nzuri ya kupeleka Washington. Kulitoa dirisha na kutia jingine kuna gharama kubwa, na huingia katika mali ya mtu aitwaye mwenye nyumba. Ruzuku ikafuata njia iliyo nyepesi.

Mwaka 1981, chini ya Rais Reagan, fungu lile lenye jina lake likatiwa pamoja na mengine katika fungu moja la afya ya mama na mtoto, na majimbo yakaambiwa yajigawie. Hoja ya upande huo haikuwa ya kipuuzi: mtu wa jimbo aijua shida ya jimbo kuliko karani wa mbali. Ila fungu lisilo na jina hupiganiwa na kila mwenye haja, na aliye kimya hukosa. Miradi mingi ya miji ikadhoofika au ikafungwa, na hesabu ya taifa ya watoto waliodhurika ikakoma kukusanywa. Ikawa kwa Marekani nzima kama ilivyokuwa kwa miji ile iliyoacha kupima kabla ya vita.

Wakati huo huo elimu ilikuwa ikienda upande mwingine kabisa. Katika miaka ya 1960 mtoto alihesabiwa kuwa na sumu akiwa na maikrogramu 60 za risasi katika desilita moja ya damu. Mwaka 1970 kikomo kilishushwa kuwa 40, mwaka 1975 kikawa 30, mwaka 1985 kikawa 25, mwaka 1991 kikawa 10. Mwaka 1979 Herbert Needleman alichapa utafiti wake juu ya meno ya maziwa yaliyokusanywa kutoka kwa watoto wa shule za Chelsea na Somerville, Massachusetts. Akaonyesha kuwa watoto wasio na dalili yoyote ya ugonjwa, lakini wenye risasi nyingi menoni, walikuwa nyuma ya wenzao kwa akili na kwa utulivu darasani. Kwa ajili ya hayo alishitakiwa kwa udanganyifu wa kitaaluma, akachunguzwa, akaonekana hana hatia hiyo. Kila kikomo kiliposhuka, mtoto aliyelala salama jana aliamka mgonjwa leo, na idadi ya nyumba za kutengenezwa ikapanda bila ya msumari mmoja kuongezwa.

Ripoti ya Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji ya mwaka 1990 ilikadiria kuwa nyumba milioni 57 za watu binafsi zilikuwa na rangi ya risasi. Rangi ilikuwa imekatazwa nchi nzima tangu 1978, nyumba zilibaki. Hakuna hazina ambayo ingezitengeneza zote. Basi sheria ya mwaka 1992, iliyotiwa sahihi na Rais George H. W. Bush, ilifanya jambo la busara na la hatari kwa pamoja: iligeuza maana ya neno. Hatari haikuwa tena rangi yoyote yenye risasi, bali rangi iliyoharibika, vumbi, na udongo wa uani. Katika ripoti ile ya 1990, nyumba zilizokuwa na watoto wadogo pamoja na rangi iliyoharibika au vumbi zilikuwa milioni 3.8. Kutoka 57 mpaka 3.8 pana faraja kubwa kwa mtunza hazina. Haki ya sheria hiyo isifichwe hata hivyo: ndiyo iliyoanzisha ruzuku za kutengeneza nyumba zenyewe, zikipewa serikali za miji na majimbo kwa ajili ya makao ya watu wenye kipato kidogo. Kwa ruzuku hizo madirisha yalibadilishwa, rangi ikakwanguliwa kwa maji ili vumbi lisiruke, sakafu zikasafishwa na kupimwa, na familia zikahamishwa kwa muda kazi ikiendelea. Uchunguzi wa miradi 14 ya kwanza ulionyesha kuwa vumbi lilipungua, na damu ya watoto ikawa safi zaidi.

Hapa yanipasa nirudi Baltimore, maana pale ndipo swali la fedha lilipofika mahali pa kutisha. Chisolm na mwenzake Mark Farfel walikuwa wamekwisha kuonyesha kuwa njia ya zamani ya kuondoa rangi, kwa moto na kwa kusugua pakavu, ilizidisha vumbi ndani ya nyumba. Yaani fedha chache iliyopatikana ilikuwa imetumika kuongeza sumu. Wakauliza swali la pili: ikiwa kuondoa hatari yote kunagharimu pengine zaidi ya thamani ya nyumba yenyewe, na mwenye nyumba akilazimishwa ataitupa, je, kuna kiasi cha chini cha matengenezo kitakachomlinda mtoto? Katika miaka ya 1990, kwa fedha ya shirika la serikali la hifadhi ya mazingira, taasisi ya Kennedy Krieger ilianza utafiti. Nyumba ziligawanywa kwa madaraja ya gharama: dola 1,650, dola 3,500, na kati ya dola 6,000 na 7,000. Wenye nyumba walihimizwa kuwapangisha wenye watoto wadogo. Damu ya watoto ikapimwa mara kwa mara, ili ijulikane ni daraja lipi latosha.

Wazazi wawili walishitaki, wakisema hawakuelezwa sawasawa hatari iliyokuwamo wala matokeo ya vumbi lililopimwa nyumbani mwao. Mwaka 2001 Mahakama ya Rufani ya Maryland iliamua kuwa kesi zao zisikilizwe, ikasema kuwa mzazi hana uwezo wa kumridhia mtoto mzima wa afya kuwekwa katika utafiti usiomnufaisha na wenye kumhatarisha, na ikaulinganisha utafiti ule na ule wa Tuskegee, ambamo watu weusi waliachwa na kaswende yao ili itazamwe. Watetezi wa taasisi walijibu kuwa watoto wale wangeishi katika nyumba mbovu zaidi kama utafiti usingekuwapo, na hilo, kwa hali ya mitaa ile, lilikuwa kweli. Wanahistoria Gerald Markowitz na David Rosner wameiandikia habari hii kitabu kizima mwaka 2013. Mimi sioni kuwa watafiti wale walikuwa watu waovu. Chisolm alikuwa ametumia maisha yake kuwaokoa watoto wa Baltimore. Naona walilipokea swali kama lilivyowekwa na hazina. Nchi ilipokwisha kukubali kuwa nyumba ya maskini itatengenezwa kwa kiasi kidogo iwezekanavyo, ilibaki mtu apime kiasi hicho ni kipi, na kifaa cha kupimia kilikuwa kile kile cha tangu 1935.

Mwaka 1999 Bunge lilitenga dola milioni 10 kuanzisha mpango mpana zaidi wa nyumba zenye afya, uliojumlisha kuvu, gesi ya radoni, moshi wa majiko na mende wanaochochea pumu. Wazo lilikuwa jema, kwamba fundi aingiaye kwa ajili ya dirisha atazame na paa livujalo. Fedha yake haikuwahi kulingana na ukubwa wa wazo.

Mji ulioniridhisha kuliko yote ni Rochester, New York. Huko mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi aliuliza kwa nini wanafunzi wake wengi walishindwa kujifunza, akatafuta habari za damu yao, na wananchi wakaungana kwa miaka kadhaa mpaka baraza la mji likapitisha sheria mwaka 2005, ikaanza kutumika 2006. Kwa sheria hiyo nyumba za kupangisha zilizojengwa kabla ya 1978 hukaguliwa zikifika zamu yake, mtoto awepo au asiwepo, awe mgonjwa au mzima. Gharama ya kutengeneza humwangukia mwenye nyumba, na ruzuku humsaidia asiyeweza.

Wenye viwanda walibaki nje ya hesabu kwa muda mrefu. Rhode Island iliwashinda mahakamani mwaka 2006, ikashindwa katika rufani mwaka 2008. Kaunti ya Santa Clara, California, ilifungua shauri mwaka 2000, wengine wakajiunga, na mwaka 2019 kampuni za Sherwin-Williams, ConAgra na NL Industries, hii ya mwisho ikiwa ni ile National Lead ya zamani kwa jina jipya, zilikubali kulipa dola milioni 305 kwa kaunti na miji 10. Mtoto aliyezaliwa siku shauri lilipofunguliwa alikuwa na miaka 19.

Mwaka 2012 Vituo vya Kudhibiti Magonjwa vilishusha kikomo kutoka 10 hadi 5, na bajeti ya kazi hiyo ikashuka mwaka ule ule kutoka dola milioni 29 hivi hadi milioni 2 hivi. Fedha ilirejeshwa kidogo kidogo katika miaka iliyofuata. Kikomo kikashushwa tena mwaka 2021 kuwa 3.5. Mwezi wa Aprili 2025 wafanyakazi wa ofisi hiyo walipewa barua za kuondolewa kazini, wakati mji wa Milwaukee, ambao ulikuwa umekuta rangi ya risasi ikibanduka katika shule zake, ulikuwa ukingoja wataalamu wao. Ombi la Milwaukee lilikataliwa. Mwezi wa Juni wafanyakazi wakaitwa warudi.